Kura Tatu kwa Simu Moja

Kazi yangu ni kuchapa. Nina chumba kidogo mjini Kericho, kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi na benchi la wateja, na kwa miaka mingi nimejilisha kwa katiba. Si katiba ya nchi, hiyo ina wenyewe. Ni katiba za vikundi: kina mama wa kuku, vijana wa bodaboda, kwaya, watu wa kuzikana. Anayetaka kusajili kikundi huambiwa alete katiba, na asipojua katiba ni mdudu gani huelekezwa kwangu. Mimi nilikuwa nayo moja tu, niliyoachiwa na mteja wa kwanza kabisa. Nilibadilisha jina la kikundi juu, nikabadilisha jina la kata chini, nikabana kwa stepla. Wafuga kuku na wanakwaya waliongozwa na vifungu vilevile, nukta kwa nukta, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyewahi kuisoma.

Nayasema haya ili ijulikane kwa nini naringa. Kati ya katiba zote zilizopita mikononi mwangu, kanuni za uchaguzi za wachora ramani ndizo za pekee nilizozitoa kichwani, nikazirarua mwenyewe kwa aibu, nikazitoa tena.

Sisi wachora ramani ni watu wa kujitolea. Kuna ramani kwenye mtandao ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuongezea kitu: njia ya miguu, chemchemi, zahanati, josho la ng'ombe, senta ya kupimia majani chai. Sisi tunachora Kericho na Bomet. Hatulipwi, na wengi wetu hatujawahi kuonana. Tunajuana kwa picha ndogo ya akaunti na kwa kazi. Mimi niliingia kwa uchungu. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma chai ya kampuni, nami nikazaliwa kambini. Siku moja, duka likiwa halina wateja, niliitafuta ile kambi kwenye ramani nikakuta kijani kitupu, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupika hapo. Nikajifunza kuchora siku hiyohiyo. Nilianza na nyumba yetu, nikalia kidogo, kisha nikachora kanisa.

Aliyeanzisha jamii yetu ni mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi. Miaka yote yeye ndiye aliyeamua tuchore wapi kwanza, na funguo za ukurasa wetu zilikuwa kwake. Hatukumchagua na hatukumkataa. Halafu maneno yakaanza. Watu wa Kericho walisema Bomet inachorwa kila siku kama mtoto wa mwisho, na watu wa Bomet wakasema mafunzo yote yanafanyiwa Kericho mjini, kwani kwao hakuna viti? Mwalimu alichoka. Akatangaza kwamba tutachagua waratibu watatu, na wao ndio watakaoamua. Wiki hiyo alinijia dukani.

"Dada, tuandikie sheria za uchaguzi," akasema. "Ni wewe tu unaweza. Hauna upande. Wewe si mtu wa Kericho, si mtu wa Bomet."

"Nimezaliwa hapa, mwalimu."

"Najua. Lakini unajua vile namaanisha."

Nilijua sana. Nimeambiwa hivyo tangu shule ya msingi, mara nyingine kwa upole, mara nyingine kwa mawe. Nilikasirika, sitaficha. Lakini mara hii neno lile lililozoea kunifungia mlango lilikuwa limenifungulia mmoja, nikaona heri nimeze hasira nichukue kazi.

Mkenya akiandika kanuni za uchaguzi huanza na mwizi. Nami nilianza na mwizi. Nilimwona kabisa akilini: mtu amekaa mahali, amefungua akaunti kumi za uongo, zote zinampigia kura yeye. Nikamwekea mitego. Akaunti moja, kura moja. Akaunti inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja itaondolewa kwenye daftari la wapiga kura. Mgombea awe ndiye mwenye akaunti, na jina lake lijulikane. Niliisoma kwa sauti peke yangu dukani, nikaona hata mawakili wangenionea wivu. Nilipoiweka kwenye kundi letu la simu watu walinimwagia dole gumba siku nzima. Nilivimba kichwa, nikamkatalia hata mteja aliyetaka kupunguziwa bei ya kopi.

Sasa, kati yetu kulikuwa na akaunti tuliyoiita Kikapu, kwa sababu picha yake ilikuwa kikapu cha chai. Kikapu alikuwa akichora upande wa Mogogosiek, kule Bomet. Hakuna aliyefanya kazi kama yeye. Kila jioni alikuwepo: leo mgongo huu wa kilima, kesho ule wa pili, keshokutwa kule mtoni, kisha anarudi alikoanzia. Hakuongea kwenye kundi isipokuwa "asante" na "tumeona". Mimi nilimwaza kama kijana mwenye digrii asiye na kazi, mpole, mwenye miwani. Nilimpenda hivyo bila kumjua.

Fomu za wagombea zilipoanza kuingia kundini kwa picha, ya Kikapu ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Mahali palipoandikwa jina la mgombea palikuwa na majina matatu ya wanawake, yamefuatana vizuri kwa mwandiko wa shule. Chini yake: "Sisi tunaomba nafasi moja. Atakayekaa ni huyu mkubwa wetu. Njia zetu zimechorwa nusu na waratibu wa mbali hawatazijua."

Yule kijana wa miwani hakuwepo. Walikuwepo kina mama watatu kwenye simu moja, na kwa kanuni niliyoiandika mimi, kwa mkono wangu, hawakupaswa kuwa hata na kura moja. Akaunti inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja itaondolewa. Kazi yao yote ile, na jina lao lilikuwa linatoka kwenye daftari kabla hata ya kuingia.

Wa kwanza kusema alikuwa mpima ardhi mmoja wa Kericho, mgombea pia. Mtu wa kalamu mfukoni, mtu wa "kwa mujibu wa". Aliandika kwenye kundi: "Sheria iko wazi. Iliandikwa kabla, tukaikubali. Hawa wametumia akaunti pamoja. Waondolewe, tuendelee." Akaongeza, akinilenga mimi: "Mwenye kuiandika anajua maana yake."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba ramani si kiwanja cha kugombaniwa na mawakala. Nilifuta baadaye, lakini wengi walikuwa wamesoma. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi. Mtego ulikuwa wangu, na ulikuwa umemnasa mtu niliyemheshimu kuliko wote. Mwalimu alinipigia simu akaniuliza tutafanya nini. Nikamwambia anipe siku mbili, niende Mogogosiek nikaone hawa watu.

Niliwakuta ndani ya chai asubuhi, umande ukiwa bado, wamefunga plastiki kiunoni, vikapu mgongoni. Walikuwa kama walivyojiandika: mkubwa wao, mama wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde; wa pili, mke aliyeolewa hapo kutoka upande wa ziwa kama wazazi wangu; wa tatu, mwanamke kijana, mwembamba, aliyenisalimia kwa kichwa tu. Hawakuacha kuchuma. Nami nilifungwa plastiki nikapewa mstari, kwa sababu hapo mgeni wa kuongea huongea mikono ikifanya kazi.

"Tunachuma kwa zamu," mkubwa akanieleza. "Leo ni chai yangu, kesho ni ya huyu, keshokutwa ni ya huyu mdogo. Hata simu inaenda hivyo hivyo. Pale tumechuma, simu inabaki huko jioni. Mwenye chai ya siku hiyo ndio anachora."

Ndipo nikaielewa ile safari ya Kikapu, mgongo huu leo na mgongo ule kesho. Simu ilikuwa ikifuata zamu ya majani chai. Waliinunua pamoja, wakafungua akaunti moja, kwa nini wafungue tatu na simu ni moja? Hata jembe la kuazimana halina majina matatu.

"Sasa mnataka kututoa?" yule wa ziwani akaniuliza. Aliuliza kwa Kiswahili kisha akarudia kwa Kijaluo, polepole, ili nisijifanye sijasikia.

"Sheria niliandika vibaya," nikasema. Ni sentensi ndogo lakini ilinitoka kwa shida.

"Basi andika vizuri," akasema mkubwa, akatupa majani kikapuni. "Kwani ni jiwe?"

Tulipokwenda kupumzika na chai ya maziwa nilitoa simu yangu, nikafungua ramani, nikaweka kidole kwenye njia moja ya miguu. Nikauliza nani aliichora. Wote wawili, yule mkubwa na yule kijana, walimnyooshea kidole yule wa ziwani, hata kabla sijamaliza. "Huyu huzungusha njia kila kichaka. Anaogopa mtu apotee."

"Nilipotea mimi," akasema mwenyewe. "Nilipoolewa hapa. Chai yote inafanana. Nilizunguka na maji kichwani mpaka watoto wa shule wakanirudisha nyumbani. Ndio maana nachora njia."

Nikaweka kidole kwenye nyumba. Wakacheka: hizo kubwa kubwa ni za mkubwa, kila nyumba anaichora kama kanisa. Yeye akajitetea kwamba anazijua kwa ndani, anajua zina vyumba vingapi na wazee wangapi. Nikaweka kidole kwenye chemchemi. Hapo wale wawili wakamtazama yule kijana, naye akaniambia kwa sauti ndogo ni chemchemi ipi hukauka mwezi wa kwanza na ipi haikauki, na kwamba hajaichora yoyote ambayo hajainywea maji. Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyomsikia akisema siku ile.

Nilirudi Kericho, kilo kadhaa za majani nilizochuma vibaya zimebaki kwao, na kichwa kimejaa. Mimi nilikuwa nimehesabu simu. Lakini ramani haikuchorwa na simu. Kila mmoja wa wale watatu alikuwa na mkono wake, na mkono huo ulionekana wazi kwenye kazi kwa yeyote aliyejisumbua kutazama. Mimi, mwandishi wa kanuni, sikuwa nimetazama.

Nikaandika upya. Mpiga kura ni mtu aliyechora. Asimulie alichochora yeye mwenyewe, kwa simu, mbele ya wanachama wawili wasio majirani zake, wamuulize maswali mpaka waridhike. Akisharidhiwa ana kura yake na haki ya kugombea, awe na akaunti yake mwenyewe au ya pamoja. Na kila mtu apitie hapo, bila kuangalia cheo, kuanzia mwalimu mwenyewe.

Mpima ardhi alipinga, na alipinga vizuri. "Kesho mtu ataleta ukoo wake mzima kwa akaunti moja," akasema. "Na hawa watatu, wanakula pamoja, wanachuma pamoja. Hiyo si kura tatu. Ni kura moja imepigwa mara tatu." Watu wengi walimuunga mkono. Nikamjibu, safari hii bila matusi, kwamba ukoo ukija utasimulia ulichochora, na ambaye hajachora hatakuwa na la kusimulia. Kuhusu kula pamoja, nikamuuliza kama yeye na mkewe hupiga kura moja. Kundi likacheka kwa herufi. Mwalimu akauliza nani anakubali kanuni mpya, na zikapita, ingawa si kwa wingi wa kujivunia.

Wiki ile ya kusimulia sitaisahau. Mtu akipigiwa, wanachama wengine waliruhusiwa kusikiliza, na jioni baada ya jioni tulikaa tukisikiliza watu tusiowajua wakieleza vijiji vyao. Mzee mmoja alieleza kalvati kwa robo saa. Akaunti kadhaa zilizokuwa na kelele nyingi kwenye kundi zilikaa kimya zikaisha hivyohivyo, hazikupokea simu wala hazikuaga. Wale watatu walipita bila shida. Yule wa ziwani aliulizwa maswali mengi kuliko wote, nami nilijua kwa nini, akayajibu yote na moja la nyongeza.

Mpima naye ilibidi apite. Nakiri nilingoja kwa hamu. Nilidhani atasoma orodha. Badala yake alisimulia majosho ya upande wa Sigor, huko Bomet, ambako mama yake alizaliwa. Alikuwa ameyatembelea kwa miguu, moja baada ya jingine, akauliza wazee lipi linafanya kazi na lipi limebaki shimo, kwa sababu mjomba wake alipoteza ng'ombe kwa kupe akiwapeleka kwenye josho lililokufa zamani. Nilizima simu nikabaki nimekaa, nimekasirika kwamba mtu nisiyempenda anachora vizuri namna ile.

Kura zilipigwa kwa fomu ya mtandaoni isiyouliza jina, kila mtu na namba yake ya siri. Siku za kura zilikuwa tatu, na nilizipanga hivyo makusudi ili simu ya Mogogosiek ipate kuzunguka zamu yake. Siku ya kwanza mkubwa wao alinipigia. "Tunapiga namna gani na hii simu moja? Nikae nayo niwabonyezee?"

"Hapana, mama. Kila mtu, siku ya zamu yake, aingie peke yake ndani ya chai, mistari kumi kutoka kwa wenzake. Akimaliza, afute ukurasa kwenye simu, arudi. Msiulizane."

"Hata sisi?"

"Hata nyinyi."

Nikasikia wakicheka, simu ikipita mkono kwa mkono. Kisha sauti ndogo ya yule kijana ikaja sikioni, karibu sana, kana kwamba ameshaanza kutembea. "Hii kura sasa ni ya nani? Ya kikundi ama?"

"Ni yako," nikamwambia. "Yako peke yako."

Matokeo yalitoka. Nafasi ya kwanza na ya pili zilikwenda kwa watu wawili ambao kila mtu alijua watashinda. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa mpima ardhi. Mkubwa wa Mogogosiek alikuwa wa nne, nyuma yake kwa kura moja.

Nilitaka kupasua kitu. Kura moja! Nilihesabu upya mara tatu mbele ya mwalimu, nikarudi palepale. Nilimpigia mama yule simu nikiwa na maneno ya pole niliyoyaandaa, akanikatiza. "Mlihesabu wote watatu wetu?" Nikasema ndiyo, wote watatu. "Basi sawa. Mwaka ujao nitasimama tena," akasema, na nyuma yake nikasikia kikapu kikimwagwa. Mpima aliandika shukrani ndefu kwenye kundi, kwa mujibu wa hili na kwa mujibu wa lile. Sikumwekea dole gumba.

Siku hizi vikundi vinakuja dukani vikitaka kanuni kama zile. Ile katiba ya stepla nimeifuta kabisa kwenye kompyuta. Namwambia mteja akae kwenye benchi anieleze kwanza kazi yao wanaifanya vipi, nani anashika nini, na zamu inakwendaje. Wengine hukasirika, wanataka karatasi tu. Wanaokaa hutoka na kitu chao. Sijui kazi nyingine niliyofanya maishani ambayo naweza kuisimamia hivi, kichwa juu.

Mwezi mmoja baada ya uchaguzi yule kijana wa Mogogosiek aliingia dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Nilifurahi kumwona, nikamkaribisha kiti, nikaanza mwenyewe kulaumu ile kura moja, kwamba mkubwa wao alistahili, kwamba ningempata huyo mtu aliyetunyima ningemwambia la kumwambia.

Alingoja nimalize. "Ni mimi," akasema.

Sikuelewa.

"Yangu nilimpa yule wa majosho. Nilimsikiliza siku ile. Aliuliza wazee kabla achore. Mimi pia naonja maji kabla nichore." Alikunja kopi yake mara mbili. "Mkubwa wetu ni mzuri, lakini ye ashakuwa mwenyekiti wa maji, na wa kanisa, na wa shule. Hajui. Usimwambie."

Nilikuwa nimepigana na kundi zima kwa ajili ya kura ile. Nilikuwa nimeichuma kwa mikono yangu kwenye umande.

"Lakini ni mkubwa wenu!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwingine akumbuke jambo. "Si ulisema ni yangu?"

Nikakaa chini. Nikamwambia ndiyo, ni yake, na ile kopi sikumtoza.